Sura ya Sita: Sauti Kabla ya Dhamira

Mpe mwanafunzi wa Kidato cha Tatu shairi asilowahi kuliona, umwulize linahusu nini. Wengi watajibu kabla ya kufika ubeti wa mwisho. Wakiona jembe, shairi linahusu umuhimu wa kilimo. Wakiona mama, linahusu nafasi ya mwanamke katika jamii. Wakiona kiongozi, linahusu rushwa na uongozi mbaya. Majibu haya hayatokani na uvivu. Wamefundishwa hivyo. Dhamira huandikwa ubaoni, ikanakiliwa kwenye daftari, ikakaririwa usiku wa kuamkia mtihani, na mara nyingine ikaandikwa kwenye karatasi ya majibu na mtu ambaye shairi lenyewe hakulisoma.

Tatizo hili halikuanzia kwetu. Katika miaka ya 1920, I. A. Richards, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, aliwagawia wanafunzi wake mashairi bila majina ya watunzi, akawataka waandike walichokielewa. Mengi ya maandishi aliyorudishiwa yalikuwa majibu ya mazoea: msomaji ameona neno alilolizoea, akatoa maoni aliyoyazoea, shairi likabaki pembeni halijaguswa. Matokeo hayo Richards aliyachapisha mwaka 1929 katika kitabu chake Practical Criticism. Humo alitenganisha mambo manne yanayobebwa na maneno ya mtu: anachokisema, anavyojisikia juu ya anachokisema, anavyomkabili anayemwambia, na kusudio lake. Jambo la tatu ndilo aliloliita toni.

Hoja ya sura hii ni kwamba utaratibu wetu wa kufundisha ushairi umepinduka. Tunaanza na dhamira, kisha tunarudi kutafuta taswira za kuipamba. Mwanafunzi aanze na sauti anayoisikia na vitu anavyoviona ndani ya shairi. Dhamira itakuja yenyewe, na itakuwa ya shairi hilo, si ya mashairi yote. Darasa la mfano liko Kiomboi.

Wanachokijua tayari

Kiomboi ni makao makuu ya Wilaya ya Iramba, mkoani Singida. Mji uko juu ya uwanda, kando kidogo ya barabara kuu ya Singida hadi Nzega. Msafiri anayetoka Singida anaiacha barabara hiyo Misigiri. Upande wa magharibi uwanda unakatika, nchi inateremka kuelekea Shelui na mbuga ya Wembere, ambayo wakati wa mvua hutuama maji na kiangazi hupasuka nyufa. Msimu wa mvua ni mmoja tu kwa mwaka, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au kuingia Mei. Mtu anayelima mtama, uwele, mahindi au alizeti katika nchi hii hana msimu wa pili wa kusahihisha wa kwanza. Mbingu inatazamwa kwa makini.

Wanafunzi wengi wa hapa walianza na Kinyiramba nyumbani, Kiswahili kikaja sokoni, kwenye nyumba za ibada na shuleni. Wakiingia sekondari, karibu masomo yote yanageuka kuwa ya Kiingereza. Kwa hiyo kipindi cha Kiswahili ni kipindi adimu: ndipo mwanafunzi anapoweza kubishana na mwenzake, akatoa shaka, akabadili mawazo katikati ya sentensi, bila kukwama kwa kukosa msamiati. Ni hasara kubwa kipindi kama hicho kikiisha kwa kunakili.

Uwezo wa kusikia toni wanafunzi hawa wanao. Mtoto akiitwa na mama yake kutoka uani anajua kama anaitwa kula au kuchapwa, na jina lililotajwa ni lile lile. Mwalimu akimwambia aliyechelewa, "Karibu sana, mheshimiwa," darasa zima linacheka, kwa kuwa hakuna aliyedhani kwamba anakaribishwa. Kazi ya mwalimu wa ushairi ni kuhamisha masikio hayo kutoka uani hadi kwenye ukurasa, ambako sauti haisikiki na inabidi itafutwe katika maneno.

Toni si hali

Vitu viwili huchanganywa mno katika madarasa yetu, na vitabu vya mwongozo huzidisha mchanganyiko huo. Toni ni jinsi msemaji wa shairi anavyomkabili yule anayesema naye: anamsihi, anamsuta, anamtania, anamkemea. Hali ni kile kinachotanda katika shairi zima na kumjaa msomaji: wasiwasi, utulivu, majonzi, shangwe. Mara nyingi viwili hivi huenda pamoja. Mashairi yenye nguvu mara nyingi huvitenganisha.

Hapa mwalimu wa Tanzania ana mfano ambao Richards hakuwa nao: utani msibani. Katika makabila mengi nchini, mtani hufika kwenye msiba akaanza vituko. Anamlaumu marehemu kwa kuondoka bila kulipa deni, anadai haki yake, anazuia kazi isiendelee mpaka apewe chochote. Maneno yake ni ya mzaha tangu mwanzo hadi mwisho, huku msiba ukibaki msiba. Wafiwa wanacheka, machozi yakiwa bado mashavuni. Mwulize mwanafunzi wa Kiomboi, "Toni ya mtani ni ipi?" Atasema utani. Mwulize, "Hali ya pale ni ipi?" Atasema huzuni. Ameshaelewa somo ambalo fasili tatu za ubaoni zisingemwelewesha.

Ubeti mmoja, kipindi kimoja

Kwa somo la kwanza shairi refu halihitajiki, na diwani iliyowekwa kwenye mtihani haifai, maana majibu yake yamekwisha kusambaa. Ubeti mmoja usiojulikana unatosha. Huu nimeutunga kwa kazi hiyo. Ni tarbia ya mizani kumi na sita, yenye vina vya kati na vya mwisho:

Wingu umetoka chini, mbugani kule Wembere,
Umepita kijijini, umenichezea shere,
Mbegu zimo kibuyuni, jembe nalinoa bure,
Wingu, nimekosa nini? Rudi basi, usikere.

Mwalimu auandike ubaoni, ausome mara mbili kwa sauti ya kawaida, kisha aulize maswali matatu kwa mpangilio huu: nani anasema na nani? Anafanya nini na sauti yake? Neno gani limekuambia?

Swali la kwanza linaonekana dogo, lakini ndilo linalozuia majibu ya mazoea. Mwanafunzi aliyekwisha kuandika "umuhimu wa kilimo" anagundua kwamba hapa hakuna anayehutubia wananchi. Kuna mtu mmoja anasema na wingu. Ameliita mara mbili, na kila mara anasema nalo uso kwa uso: umetoka, umepita, umenichezea.

Katika swali la pili darasa litagawanyika. Wapo watakaosema msemaji ana hasira, kwa kuwa analalamika. Wapo watakaosema ana furaha, kwa kuwa wingu ni dalili ya mvua. Mwalimu asikimbilie kuamua. Awarudishe kwenye swali la tatu. Anayesema furaha atakwama kwenye "umenichezea shere" na kwenye "bure". Anayesema hasira atasimama vizuri mpaka afike "basi" na "usikere". Mwenye hasira ya kweli haulizi amekosa nini. Mtu huuliza hivyo kwa rafiki aliyempita njiani bila salamu. Hapo darasa litaanza kusikia manung'uniko yenye utani ndani yake, sauti ya mtu anayelijua wingu hili tangu zamani na ambaye bado hajakata tamaa nalo.

Sasa taswira. Waulize wanafunzi wanaona nini. Watataja wingu na jembe. Waulize wanasikia nini. Kimya kidogo, kisha mmoja atasema: jembe linanolewa. Wengi wamefunzwa kwamba taswira ni picha, nao wakazitafuta kwa macho peke yake, wakaacha mlio wa tupa juu ya chuma, harufu ya udongo uliolowa, ukavu wa mbegu kiganjani. Halafu kibuyu. Mbegu zimo kibuyuni maana yake zimekwisha kuchaguliwa na kuwekwa akiba. Haziliwi, na haziwezi kupandwa. Nusu mstari umebeba hesabu nzima ya kaya.

Swali la mwisho la kipindi ndilo zito: shairi hili linahofia nini? Watasema ukame, watasema njaa. Waambie wakuoneshe neno njaa lilipo. Halipo. Neno mvua lipo? Nalo halipo. Ubeti mzima unahusu mvua na hofu ya njaa bila kuyataja, na hofu hiyo imetufikia kwa njia ya kibuyu, jembe na wingu linalopita. Toni ni ya utani, hali ni ya wasiwasi. Mwanafunzi akifika hapa kwa miguu yake mwenyewe, ndipo dhamira iulizwe. Hatajibu tena "umuhimu wa kilimo". Atasema kitu kama hiki: mkulima anayetegemea mvua anaishi na kitu asichoweza kukiamuru, kwa hiyo anakifanya rafiki ili aweze kukilaumu.

Badilisha mstari, sikiliza tofauti

Njia ya haraka ya kulithibitishia darasa kwamba toni imo katika maneno ni kuyabadilisha maneno. Futa kipande cha mwisho cha ubeti, uandike:

Wingu, nimekosa nini? Mola wangu, nisitire.

Mizani ni ile ile na kina ni kile kile, lakini msemaji amegeuka. Mwanzo wa mstari anasema na wingu, mwishoni anasema na Mungu. Manung'uniko yamekuwa dua, na wasiwasi uliokuwa umefichwa na utani umetoka nje. Sasa futa mstari wote, uandike:

Huna haya wingu duni, nenda zako, usikere.

Neno "usikere" limebaki lilivyokuwa, ila halisikiki vile. Kwanza lilibembeleza, sasa linafukuza. Wape wanafunzi dakika kumi watunge mstari wao wa nne, kila mmoja kwa toni anayoitaka, wabadilishane madaftari, na msomaji aitambue toni ya mwenzake. Hakuna kitabu cha ziada kinachohitajika, jambo la kushukuru katika shule ambazo nakala moja ya diwani huzunguka mikononi mwa wengi.

Zoezi hili litafichua upungufu mmoja. Wanafunzi wana maneno mawili tu ya kutaja hisia, furaha na huzuni, wakati Kiswahili kina ghala zima. Dawa yake ni kuwafundisha vitenzi badala ya nomino. Asiulizwe toni ni ipi. Aulizwe msemaji anafanya nini: analalama, anasihi, anabembeleza, anaonya, anakemea, anasuta, anasimanga, anabeza, anatania, anajigamba, anaomboleza, anaapiza? Kusuta na kusimanga vyote ni kuumiza kwa maneno, lakini anayesuta anakufichua ulichokificha, na anayesimanga anakukumbusha alichokutendea. Mwanafunzi anayejua tofauti hiyo mtaani ana haki ya kuitumia darasani.

Ngonjera nayo inafaa sana hapa. Mathias Mnyampala (1917–1969), mzaliwa wa Dodoma, mkoa unaopakana na Singida, ndiye aliyeipa umaarufu fani hiyo ya mabishano ya kishairi, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ilienea shuleni kote nchini. Kwa kuwa wanaobishana ni wawili, kila mmoja lazima awe na sauti yake. Mwanafunzi mmoja awe mkulima, mwingine awe wingu. Wingu litajibu vipi? Linaweza kujigamba, linaweza kuomba radhi, linaweza kuusukumia upepo lawama. Kila jibu litadai maneno yake.

Sifa inayogeuka kuwa shutuma

Toni ngumu kuliko zote ni kejeli, kwa sababu maneno husema hiki na sauti husema kinyume chake. Mfano mmoja mkubwa upo katika Kiswahili tangu mwaka 1963, pale Julius Nyerere alipochapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu mauaji ya Julius Caesar. Antony amepewa ruhusa ya kusema mazikoni, kwa sharti asiwalaumu wauaji. Analitii sharti. Anamtaja Brutus kuwa mtu wa heshima, kisha anataja jambo jema alilolifanya marehemu. Anarudia sifa ile, anataja jingine. Sifa haibadiliki, lakini kila inaporudi imezungukwa na ushahidi mpya unaoipinga, mpaka umati wenyewe unaisikia kama tusi. Mwambie mwanafunzi achore mstari chini ya sifa hiyo kila inapotokea, aandike pembeni ni wapi hasa ilipoanza kuuma. Takriri, ambayo katika notisi ni "kurudiarudia neno ili kusisitiza", hapa imegeuza maana juu chini.

Bahari isiyoonekana

Tatizo la taswira Kiomboi lina sura yake. Sehemu kubwa ya ushairi wetu imezaliwa pwani na visiwani. Haji Gora Haji, mtunzi wa diwani ya Kimbunga, alizaliwa Tumbatu mwaka 1933, kisiwa cha wavuvi na mabaharia. Katika ushairi wa aina hiyo kuna dau, tanga, nanga, kusi na kaskazi. Mwanafunzi wa Iramba anaweza kukariri kwamba jahazi ni ishara ya taifa au ndoa bila kuhisi hata chembe ya hatari iliyomo katika kuelea.

Suluhisho si kuyakwepa mashairi ya bahari. Ni kutafuta hapa karibu kitu chenye hatari ya aina ile ile. Ziwa Kitangiri lina wavuvi na vyombo vyao, na Wembere wakati wa mvua hugeuza mahali pa kupita kuwa maji. Anza na kinachojulikana: nini humtisha mtu aliye katikati ya maji? Kisha rudi kwenye tanga na dau, ukieleza kila chombo kinavyofanya kazi kabla hujauliza kinaashiria nini.

Tahadhari hiyo inafaa pia kwa tafsiri na mashairi ya kigeni. Shakespeare ana soneti mashuhuri, ya kumi na nane, inayomlinganisha mpenzi na siku ya kiangazi. Uingereza siku hiyo ni ya upole, inasubiriwa miezi mingi. Mlinganishe mtu na siku ya Oktoba Singida, vumbi likipanda na majani yamekauka, naye atauliza amekukosea nini. Vivyo hivyo wingu jeusi: katika mashairi mengi ya Ulaya ni dalili ya simanzi, katika Iramba ya Desemba ni habari njema. Taswira haina hisia iliyogandishwa ndani yake. Inaipata katika nchi ya msemaji, na msomaji anapaswa kuuliza: huko anakosemea, kitu hiki kinaleta nini?

Umbo nalo lina sauti

Mashairi yetu ya jadi hughaniwa, na kughani kunaweza kulisaidia somo au kulivuruga. Mahadhi matamu hufunika tofauti za toni: shairi la maombolezo na la mawaidha huweza kughaniwa kwa namna moja, msikilizaji akaburudika na vyote. Soma kwanza bila mahadhi, ghani baadaye, kisha uliza kama mahadhi yameafikiana na maneno au yamegombana nayo.

Usikubali pia dhana kwamba vina na mizani huzuia hisia. Shaaban Robert alimlilia mkewe Amina kwa beti zilizopangwa kwa vina, na anasema naye moja kwa moja, ingawa amekwisha kufariki. Nani anasema na nani? Mjane anasema na asiyeweza kujibu. Swali la kwanza peke yake limefungua nusu ya shairi. Kwa upande wa pili, Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani ya Kichomi mwaka 1974, akiwa ameacha vina na mizani, wengi walibishana kama yale yalikuwa mashairi. Kwa mwalimu wetu swali lenye faida ni jingine: pasipo kina, sauti inakatwa wapi? Mahali mstari unapokomea pumzi hukoma, na pumzi ikikoma mahali pasipotarajiwa, toni hubadilika.

Na mtihani je?

Mwalimu mwenye silabasi ya kumaliza atasema haya yote ni mazuri, lakini Baraza la Mitihani litauliza dhamira. Kweli. Hata hivyo makosa makubwa ya dhamira huanzia kwenye toni. Mwanafunzi asiyesikia kejeli ataandika kwamba mshairi anawasifu viongozi, mahali mshairi alipokuwa anawasuta, na hoja zake zote zitaelekea upande usio wake. Mwanafunzi asiyeona kibuyu atajaza ukurasa na maneno yanayofaa shairi lolote, na msahihishaji ameyasoma hayo kabla ya yake.

Katika kusahihisha, alama ifuate ushahidi. "Toni ni ya huzuni" bila neno lililonukuliwa isipewe kitu. Majibu mawili yanayotofautiana yote yaweza kupata alama, mradi kila moja linahimili mistari yote. Linalovunjika kwenye mstari wa pili limekosea, hata kama mwalimu mwenyewe alikuwa akilipenda.

Kazi

1. Chagua ubeti mmoja katika diwani unayofundisha. Andika kwa sentensi moja nani anasema na nani, kisha taja vitenzi viwili vinavyoonesha anavyoitumia sauti yake.

2. Orodhesha vitu vyote vinavyoshikika, vinavyosikika au vinavyonuswa katika ubeti huo. Pembeni ya kila kimoja andika kinaleta nini kwa mtu wa kijiji chako, halafu kwa mtu wa mahali anakosemea msemaji.

3. Badilisha maneno yasiyozidi matatu ili toni igeuke bila kuvunja mizani. Lipe darasa matoleo yote mawili bila kusema lipi ni la mtunzi, na umtake kila mwanafunzi atetee chaguo lake kwa neno alilolisoma.